Tezi ya shingo imeondolewa, uzito unapanda: Ufanye nini?

Katika jamii zetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, akikonda huulizwa anaumwa nini. Mtu aliyeugua tezi ya shingo anaweza kupitia yote mawili. Kabla ya upasuaji, kama tezi yake ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, alikonda huku anakula vizuri, mikono ikamtetemeka na majirani wakaanza kunong'ona. Baada ya upasuaji mwili unarudi, nguo zinabana na maneno yanageuka. Sasa anaambiwa amejiachia.

Mwenyewe hajui ashike lipi. Daktari amemwambia ameze dawa kila siku maisha yake yote. Rafiki anamshauri aongeze kidonge cha pili ili akonde haraka. Mama mkwe anamwambia aache kabisa, kwa kuwa kidonda kimeshapona na mtu hawezi kuishi kwa vidonge. Ushauri wote huu hutolewa kwa nia njema, lakini wa kuongeza na wa kuacha unaweza kumpeleka mgonjwa pabaya.

Ukweli ni kwamba uzito baada ya upasuaji huu unadhibitika. Kinachotakiwa ni kufuata mpangilio: kwanza dawa ikae sawa, kisha sahani, kisha mwendo. Wengi huanza na sahani, wakajinyima hadi kuishiwa nguvu, wakati dawa yenyewe hawaimezi inavyotakiwa.

Kazi ya tezi hii

Tezi ya shingo, ambayo hospitalini huitwa thairoidi, ipo mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, na umbo lake linafanana na kipepeo. Ni ndogo, lakini ndiyo inayopanga kasi ya mwili mzima. Hutumia madini joto tunayopata kwenye chakula na chumvi kutengeneza homoni ambazo huamua moyo upige kwa kasi gani, utumbo usukume chakula kwa mwendo gani, na mwili uchome nguvu kiasi gani hata mtu akiwa amelala.

Ifananishe na jiko la mkaa. Homoni zikizidi, moto unawaka kupita kiasi: jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, kukonda. Homoni zikipungua, moto unafifia: uchovu, kusikia baridi wakati wenzako wanatafuta feni, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, uso kuvimba na uzito kupanda.

Tezi huondolewa kwa sababu kadhaa. Wapo wenye goita, au rovu, lililokua hadi likabana njia ya hewa au ya chakula. Wapo ambao tezi yao inazalisha homoni nyingi na dawa hazikuwafaa. Wapo waliokutwa na uvimbe wa saratani au unaoshukiwa kuwa saratani. Wanawake ndio waathirika wakubwa wa matatizo ya tezi hii. Chama cha Tezi cha Marekani kinaeleza kwamba wanayapata mara tano hadi nane zaidi ya wanaume.

Hapa Tanzania goita linafahamika tangu zamani, hasa kwenye maeneo ya milimani kama Nyanda za Juu Kusini, ambako udongo una upungufu wa madini joto. Kuwekwa kwa madini joto kwenye chumvi, kuanzia miaka ya 1990, kumeokoa watoto wengi. Lakini goita lililokwisha kukua kwa miaka mingi mara nyingi haliondoki kwa chumvi, na hapo ndipo daktari wa upasuaji anapohitajika.

Funzo kutoka Uswisi

Wanaodhani kidonge ni cha muda tu wanafaa kujua yaliyotokea Uswisi, nchi ya milima ambayo nayo ilisumbuliwa sana na goita. Daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa mji wa Bern alikuwa hodari wa kuondoa tezi hii wakati ambapo wagonjwa wengi wa upasuaji huo walikuwa wakifa. Wagonjwa wake walipona kidonda na kurudi nyumbani. Lakini alipowafuatilia, mwaka 1883 alitoa taarifa ya kusikitisha: wengi kati ya wale walioondolewa tezi yote walikuwa wamevimba uso, wamekuwa wazito wa mwili na wa akili, na watoto walikuwa wamedumaa. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuziba pengo hilo. Kocher alibadili namna yake ya kufanya upasuaji, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Ukombozi ulikuja mwaka 1891, pale daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomtibu mama mmoja ambaye tezi yake ilikuwa imekufa kwa kumpa maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi, hadi mwaka 1919. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kidonge kidogo chenye homoni iliyotengenezwa kiwandani, levothairoksini, ambacho kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo kidonge hiki hakitibu kidonda. Ni tezi yenyewe, iliyohamia kwenye kichupa. Aliyeondolewa tezi yote akikiacha, hatajisikia vibaya kesho yake, kwa sababu homoni hiyo hukaa mwilini kwa muda na nusu yake huisha baada ya wiki moja hivi. Hilo ndilo linalowadanganya wengi. Anaacha, anaona yuko salama wiki ya kwanza, kisha taratibu anazama kwenye uchovu na uvimbe, na mwishowe maisha yake yanaweza kuwa hatarini.

Aliyeondolewa upande mmoja tu wa tezi ana hali tofauti. Upande uliobaki mara nyingi hutosha, na huenda asihitaji dawa. Hata hivyo anatakiwa apimwe, kwani baadhi yao huhitaji.

Uzito unatoka wapi?

Kuna sababu nne kubwa.

Ya kwanza ni dozi ambayo bado haijakaa sawa. Katika miezi ya mwanzo daktari anatafuta kiwango kinachokufaa, na kama homoni ni pungufu mwili unapunguza kasi. Lakini kiasi cha uzito kinachotokana na upungufu huo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chama cha Tezi cha Marekani kinasema kwa kawaida ni kati ya kilo 2 na 4.5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini wala si mafuta. Uzito huo hushuka dozi ikisahihishwa.

Ya pili ni uzito unaorudi. Aliyekonda kilo 8 kwa sababu tezi ilikuwa inakimbia, akizirudisha baada ya upasuaji, anarudi alipokuwa zamani. Huo ni uponaji, ingawa kioo kinamtisha.

Ya tatu ni mazoea ya kula. Mtu ambaye mwili wake ulikuwa unachoma kila kitu alizoea sahani iliyojaa, na bado anasikia njaa. Jiko sasa limerudi kwenye moto wa kawaida, lakini sahani haijabadilika. Wenye historia hii ndio wanaoongezeka zaidi kuliko wengine.

Ya nne ni mambo yanayomkuta kila mtu: umri, kukoma hedhi, kupumzika muda mrefu baada ya upasuaji, na kazi za kukaa kutwa.

Hesabu hii ina ujumbe wake. Kama dozi yako iko sawa na umeongezeka kilo 15, si haki kuilaumu tezi kwa zote. Lakini pia ina maana kwamba zilizobaki unaweza kuzifanyia kazi.

Namna ya kumeza dawa

Levothairoksini haipendi kuchanganywa. Imezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Ukimeza saa 12:00 asubuhi, chai iwe saa 1:00. Kahawa, chai ya maziwa na uji wenye soya vikiingia pamoja na kidonge hupunguza kiasi kinachofika kwenye damu.

Kosa linalojirudia ni la vidonge vya kalsiamu. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine nne ndogo zinazosimamia kalsiamu mwilini, na upasuaji unaweza kuzitikisa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hutoka hospitali na dawa mbili: homoni na kalsiamu. Mgonjwa anazimeza zote pamoja asubuhi ili asisahau, na bila kujua kalsiamu inaizuia homoni isinyonywe. Vitenganishwe kwa angalau saa 4. Hali ni hiyohiyo kwa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo wajawazito wengi hutumia, na kwa baadhi ya dawa za kiungulia.

Joto pia huiharibu dawa hii. Isiwekwe dirishani, juu ya friji, jikoni karibu na jiko wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iache kwenye pakiti yake, mahali pakavu na penye kivuli. Duka la dawa likikupa ya kampuni nyingine tofauti na uliyozoea, mwambie daktari wako, kwani huenda ukahitaji kupimwa upya.

Dozi haifanani kati ya mtu na mtu. Kwa aliyeondolewa tezi yote, madaktari huanza kwa kukadiria mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha wanarekebisha kwa kuangalia umri, moyo na vipimo. Ndiyo maana huwezi kuazima dozi ya jirani hata kama mlipasuliwa wiki moja.

TSH inakuambia nini?

Kipimo kikuu ni cha damu kinachoitwa TSH. Hii ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Ichukue kama msimamizi wa shamba. Kazi ikilala, anapaza sauti. Kazi ikizidi, ananyamaza. TSH ikiwa juu, kwa kawaida dozi yako ni ndogo au huinyonyi vizuri. Ikiwa chini sana, dozi ni kubwa.

Baada ya kubadilishiwa dozi, kipimo hurudiwa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza fedha, kwa sababu mwili haujatulia. Hali ikishakaa sawa, wengi hupimwa mara moja au mbili kwa mwaka. Waliotibiwa saratani wanaweza kuwekewa TSH ya chini kwa makusudi, hivyo wasishtuke wakiona majibu yao hayafanani na ya wengine.

Kabla hujalaumu ugali, jiulize: TSH yangu ya mwisho ilikuwa lini na ilisomaje? Andika kwenye daftari tarehe, majibu, dozi na uzito wa siku hiyo. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Usiigeuze dawa ya kukonda

Hapa pana hatari kubwa. Kumeza homoni zaidi ya ulivyoandikiwa kunaweza kushusha mizani kweli, lakini unachokipoteza si mafuta pekee. Misuli inaliwa, mifupa inapungua uimara, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, na moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio. Mapigo ya namna hiyo huongeza uwezekano wa damu kuganda na kusababisha kiharusi. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kuharisha ni dalili kwamba dozi imezidi.

Jihadhari pia na vidonge na chai za kukondesha zinazouzwa mitandaoni bila kuonyesha kilichomo. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa na homoni za tezi ndani yake. Mtu anayemeza levothairoksini akiongeza na hizo, anajimezesha dozi asiyoijua.

Sahani yako

Dozi ikishakuwa sawa, mwili wako unafuata kanuni zilezile za mtu mwingine yeyote. Gawa sahani: nusu iwe mboga za majani na mboga nyingine, robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi, na robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi yako. Utaona kidogo siku za mwanzo, lakini mboga na maharage hushibisha na husaidia choo, ambacho kwa wengi waliofanyiwa upasuaji huu ni tatizo.

Angalia sukari ya kwenye vikombe. Anayekunywa chai mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekula vijiko 12 vya sukari, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kiasi hicho kwa siku, kwa sukari yote inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji. Yeye amekimaliza kwa chai pekee, kabla ya soda na andazi. Kupunguza kijiko kimoja kila wiki mbili ni rahisi kuliko kuacha siku moja.

Kisha mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Mafuta yanayomiminwa kwa macho moja kwa moja kutoka kwenye chupa ndiyo yanayoficha kilo. Pima kwa kijiko.

Usijinyime mlo hadi kizunguzungu. Mwili wenye njaa kali hupoteza misuli, na mtu akishindwa uvumilivu hula maradufu usiku. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile, hata kama ni ya kijana wa barabarani. Mizani ikikosekana, tundu la mkanda au upana wa sketi litakuambia.

Mwendo

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni sawa na kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano. Kushuka kituo kimoja kabla ya kufika, kulima bustani na kupanda ngazi, vyote vinahesabika. Ongeza siku mbili za kuimarisha misuli, kama kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa au kunyanyua madumu madogo ya maji, kwa kuwa misuli ndiyo inayochoma nguvu hata ukiwa umepumzika. Baada ya upasuaji, subiri ruhusa ya daktari kabla ya kunyanyua vizito.

Kabichi, mihogo na mwani

Wengi huambiwa wasile tena kabichi na mihogo. Vyakula hivi vinaweza kuisumbua tezi iliyopo, hasa pale madini joto yanapokosekana. Aliyeondolewa tezi yote hana cha kusumbuliwa. Ale kabichi yake kwa amani, na mihogo iliyoandaliwa vizuri kwa kiasi. Vilevile kuzidisha chumvi au kumeza vidonge vya mwani kwa ajili ya madini joto hakutamrudishia homoni, kwa kuwa kiwanda hakipo. Familia nzima, hata hivyo, iendelee kutumia chumvi yenye madini joto kwa kiasi cha kawaida.

Ujauzito na mfungo

Mwanamke anayemeza dawa hii akihisi ana mimba asisubiri kliniki ya miezi minne. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, na mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake katika wiki za mwanzo ili ubongo wake ukue vizuri. Aende hospitali hedhi inapokosekana tu, na asiache dawa kwa kuhofia kumdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kuikosa.

Wanaofunga Ramadhani wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuanza. Wengine hupangiwa kumeza usiku wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya kula, wengine nusu saa au zaidi kabla ya daku.

Familia isaidie nini?

Uchovu wa mtu mwenye upungufu wa homoni unafanana sana na uvivu, na huzuni yake inafanana na kununa. Mume, mke au mtoto anayejua hilo atauliza kuhusu kipimo kabla ya kulalamika. Mtoto wa shule anaweza kupewa kazi ya kumkumbusha mama kidonge anapoamka. Anayepika apunguze mafuta kwenye sufuria ya wote, badala ya kumpikia mgonjwa chakula chake cha peke yake kama adhabu. Na utani wa mwili upungue mezani.

Iwapo aliyefanyiwa upasuaji atasikia ganzi au kuchomachoma midomoni na kwenye vidole, au misuli kukaza, awahi hospitali, kwani kalsiamu inaweza kuwa imeshuka. Ashindwe kupumua, ashikwe na maumivu ya kifua, au awe na usingizi mzito na mwili wa baridi baada ya kukaa muda bila dawa, asisubiri kupambazuke.

Kwa wengine wote, kazi ya kesho asubuhi ni ndogo: kidonge, glasi ya maji, na saa moja ya subira kabla ya chai.